Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Hospitali Yetu ya Rufaa: Mgonjwa wa Saratani ya Ini Anapokufa Ganzi, Msimrudishe Nyumbani

Kwa Mganga Mfawidhi,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

YAH: KUPUUZWA KWA DALILI ZA MISHIPA YA FAHAMU KWA WAGONJWA WA SARATANI YA INI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Nilianza kwa mdomo, kwa muuguzi wa zamu na daktari wa wodi. Nikaandika barua, ikapokelewa masjala na kugongwa muhuri. Nikajaza fomu kwenye dawati la malalamiko. Kila nilipofuatilia niliambiwa suala linafanyiwa kazi. Baba yangu amezikwa, arobaini yake imepita, na hakuna aliyenijibu.

Sitaitaja hospitali wala mtumishi yeyote. Mnajijua, na barua yangu iko kwenu. Sitafuti mtu afukuzwe kazi. Nataka utaratibu ubadilike kabla mgonjwa mwingine hajapitishwa alikopitishwa mzee wangu.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi na karanga. Saratani yake ya ini iligunduliwa hapo kwenu, kwa ultrasaundi na vipimo vya damu, na tukaambiwa waziwazi kwamba uvimbe umeshakuwa mkubwa na hauwezi kukatwa. Tulilipokea hilo. Daktari aliyetueleza alituita chumbani, akatukalisha, akajibu maswali yetu yote, na ninamshukuru hadi leo. Kwa hiyo lalamiko langu halihusu ini lenyewe. Linahusu yaliyofuata, saratani ilipotoka kwenye ini ikaingia kwenye mifupa na kuanza kubana mishipa ya fahamu, na kila idara tuliyokwenda ikasema hayo si ya kwake.

1. Kidevu kilikufa ganzi, akang'olewa meno.

Ilianza na ganzi upande wa kulia wa kidevu na mdomo wa chini. Akinyoa ndevu hausikii wembe. Chai ilimchuruzika kidevuni asijue. Tulipolieleza kliniki, tulielekezwa kitengo cha meno. Huko aling'olewa jino, kisha jingine, na ganzi ikabaki palepale. Taya halikupigwa picha. Kadi ya meno haikuandikwa kwamba mgonjwa ana saratani ya ini, na faili la saratani halikuandikwa kwamba mgonjwa ana ganzi ya kidevu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, si daktari, lakini jambo hili halihitaji udaktari kulielewa. Mshipa wa fahamu unaohudumia kidevu na mdomo wa chini hupita ndani ya mfupa wa taya na kutokea kwenye tundu dogo karibu na kidevu. Kitu kikiota ndani ya mfupa ule, au chini ya fuvu mshipa unakoanzia safari yake, mtu hufa ganzi mahali hapohapo. Mtu mzima akipata ganzi ya kidevu bila kupigwa, bila jipu na bila kung'olewa jino, hiyo peke yake inatosha kumtafutia saratani. Aliye na saratani tayari anatakiwa apigwe picha ya taya na fuvu haraka, kwa kudhani kwamba imefika huko mpaka picha iseme haijafika.

Wala si maarifa mapya. Mwaka 1981 madaktari wa New York walichapisha maelezo ya wagonjwa 43 ambao saratani zao zilisambaa hadi sakafu ya fuvu, wakazipanga dalili zao katika makundi matano kufuatana na mishipa iliyobanwa. Wapo wanaoanza kuona vitu viwiliviwili au jicho kushindwa kugeuka. Wapo wanaokufa ganzi usoni. Wengine sauti hukwaruza na chakula huwapalia. Wengine huumwa kisogo upande mmoja, na wakiutoa ulimi unapinda. Saratani ya ini nayo hufanya haya yote. Haifanyi mara nyingi kama saratani ya titi, lakini inafanya, na anapoambiwa anunue miwani mtu ambaye mshipa wa jicho lake unaliwa, muda unaopotea haurudi.

2. Miguu yake ilikufa tukitazama.

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, mniwie radhi nikilieleza kwa urefu.

Baada ya kidevu yalikuja maumivu ya mgongo, katikati ya mabega, yakizunguka kifuani pande zote mbili kama mkanda uliokazwa. Yalizidi usiku akilala chali, yakipungua akikaa. Alipewa diklofenaki, dawa ambayo mgonjwa wa ini kama yeye hashauriwi kuitumia kwa sababu inaweza kumwaga damu tumboni na kuharibu figo. Hakuna aliyemgonga mgongo kwa ngumi kuangalia pingili ipi inauma.

Kisha miguu ikawa mizito. Kandambili zilimvuka njiani asijue, anafika msikitini na moja. Tulimrudisha. Tukaambiwa huenda ni kiharusi. Lakini kiharusi cha kawaida hushika upande mmoja, mkono na mguu, mara nyingi na mdomo kwenda upande. Baba mikono yake yote miwili ilikuwa na nguvu na maneno yake yalikuwa yamenyooka. Miguu yote miwili ndiyo iliyokuwa ikimkatalia. Alipimwa sukari na presha, akapewa vitamini, tukarudi nyumbani.

Mkojo ulipofunga alipelekwa dharura usiku. Aliwekewa mpira wa mkojo, tukaelezwa kwamba wanaume wa umri wake husumbuliwa na tezi dume, na asubuhi akaruhusiwa. Waheshimiwa, mgonjwa mwenye saratani, maumivu ya mgongo, miguu miwili dhaifu na mkojo uliofunga, aliruhusiwa kurudi nyumbani! Nimelisoma faili. Hayo yote manne yameandikwa humo, kila moja kwenye ukurasa wake, kwa mwandiko wa mtu tofauti.

Aliyeyaunganisha ni kijana wa mafunzo kwa vitendo, tuliporudi tena. Alimwomba baba afumbe macho, akachukua pini na kuanza kumgusa kuanzia miguuni kwenda juu, akiuliza, "Mzee, hapa unasikia? Na hapa?" Baba hakusikia kitu mpaka pini ilipofika chini kidogo ya chuchu. Kijana akachora mstari kwa kalamu. Akagonga magoti kwa nyundo yake ndogo, akakwaruza nyayo. Haikuchukua hata robo saa, wala hakutumia mashine. Alisema uti wa mgongo unabanwa na kwamba hii ni dharura. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, ilimuunga mkono: pingili moja ya kifua ilikuwa imeliwa, na uvimbe umeingia kwenye mfereji wa uti wa mgongo.

Ilikuwa mkesha wa sikukuu. Barua ya rufaa ikasubiri sahihi mpaka ofisi zilipofunguliwa. Tulipofika Dar es Salaam, miguu haikuwa na hata mtikisiko. Alipigwa mionzi, maumivu yakapungua sana, nashukuru kwa hilo, lakini hakusimama tena. Miezi yake ya mwisho ilikuwa ya kugeuzwa kitandani na kutibiwa vidonda vya mgandamizo.

Saratani ilifikaje mgongoni? Mwaka 1940 daktari wa Marekani, Oscar Batson, alionyesha kwamba kuzunguka uti wa mgongo kuna mtandao wa vena, mishipa inayorudisha damu, zisizo na vali, yaani vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma, na unapanda hadi kwenye fuvu. Kwa kuwa hazina vali, damu inaweza kwenda upande wowote. Mtu akikohoa au akijikamua, damu ya tumboni inaweza kusukumwa humo, na chembe za saratani zikafuata. Ndiyo maana pingili na fuvu hufikiwa hata kama mapafu hayajaonyesha kitu. Na uvimbe unaotokana na saratani ya ini ukishaingia mfupani huwa na damu nyingi, unaula mfupa na kutanuka nje yake. Usipoufuatilia, unafika kwenye uti wa mgongo.

Kinachojulikana zaidi ya yote ni hiki: hali ya miguu siku tiba inapoanza ndiyo inayoamua. Anayefika akitembea, mara nyingi ataendelea kutembea. Ambaye miguu imeshalala kabisa kwa siku kadhaa, ni nadra kuinuka. Ndiyo sababu miongozo ya Uingereza inataka mgonjwa mwenye dalili za uti wa mgongo kubanwa na saratani apigwe MRI, picha ya sumaku inayoonyesha uti wenyewe, ndani ya saa 24.

3. Kila badiliko liliitwa "sumu ya ini imepanda kichwani".

Ni kweli kwamba ini likishindwa kazi, mgonjwa huchanganyikiwa, hulala mchana na kukesha usiku, na akinyoosha mikono viganja hupigapiga. Laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo inayosaidia kuitoa sumu hiyo, humsaidia. Lakini sumu hiyo haimfanyi mtu apoteze hisia kuanzia chuchu kushuka chini. Haifanyi nusu ya kidevu peke yake ife ganzi. Na hata kuchanganyikiwa kwenyewe kuna sababu nyingine zinazotibika. Saratani ya ini inaweza kushusha sukari ghafla, jambo linalojulikana kwa tone moja la damu kidoleni. Inaweza kupandisha kalsiamu. Ikifika kwenye ubongo, ambako haifiki mara nyingi, ina tabia ya kuvuja damu, na hapo kichwa huuma ghafla, mtu hutapika na upande mmoja hulegea. Jibu moja kwa maswali yote hayo ni njia ya kuacha kuuliza.

4. Maumivu.

Morfini ya maji aliionja kwa mara ya kwanza baada ya rufaa. Jirani zetu Uganda wanaitumia ya kuchanganywa nchini mwao tangu miaka ya 1990, na mwaka 2004 waliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyeweza kupona, kuiandika. Sioni kwa nini mzee alie usiku kucha kwenye wodi ya mkoa.

5. Ukimya wenu ulitugawa kijijini.

Hospitali isipotoa sababu, watu huitafuta kwingine. Mtu anakufa ganzi kidevu, baadaye miguu, na daktari anasema hana kitu. Ndugu zangu wakaanza kuulizana nani amemfanya hivi. Baba alikuwa na mgogoro wa mpaka wa shamba na jirani yake, na jirani yule akanyooshewa kidole. Mzee wa watu ameacha kupita njia ya nyumbani kwetu. Nilipoonyesha picha ya CT na kueleza kwamba ni saratani ileile imetembea, baadhi walinielewa, wengine walisema nimechelewa kuja na maelezo. Maelezo hayo yalipaswa kutoka kwenu mapema, kwa Kiswahili cha kueleweka, mbele ya familia.

Waheshimiwa, najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine nimeshayasikia kwenye korido zenu.

Mtasema alikuwa wa kufa tu. Kweli, na sisi tulijua kabla yenu kuandika. Lakini kati ya kuambiwa na kufa alikuwa na miezi, na kuna tofauti kubwa kati ya kuiishi miezi hiyo ukijiendea chooni na kuiishi ukibebwa. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wagonjwa 101 ambao uti wa mgongo wao ulibanwa na saratani. Waliofanyiwa upasuaji na kisha mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya tiba. Waliopewa mionzi peke yake, asilimia 57. Upasuaji si wa kila mtu, hasa kwa uvimbe unaotoka damu kama wa ini. Lakini mwaka 2019 ukaja utafiti mwingine, wa Uingereza na Australia, wa wagonjwa 686: waliopigwa mionzi mara moja tu na waliopigwa kwa siku tano walikaribiana sana, takriban 7 katika kila 10 wakiwa wanatembea baada ya wiki 8. Mara moja tu, waheshimiwa. Kwa familia inayotoka mkoani, isiyo na pa kulala Dar es Salaam, hilo si jambo dogo.

Mtasema hamna MRI. Sikuwadai MRI. Pini mnazo. Nyundo ya magoti mnayo. Deksamethasoni, inayopunguza kuvimba kunakobana uti wa mgongo wakati mgonjwa akisubiri rufaa, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Kijana wa mafunzo aliweza kwa vifaa vilivyokuwepo.

Mtasema dalili hizi ni nadra. Kufika kwenye ubongo ni nadra. Kufika kwenye mifupa si nadra: baada ya mapafu na tezi za limfu, mifupa ni miongoni mwa sehemu ambazo saratani ya ini husambaa zaidi. Na wagonjwa hawa wataendelea kuja. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto wetu mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima waliozaliwa kabla hawakuipata utotoni. Sumukuvu nayo, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, tunaila kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliwaua watu 20 kati ya 68 waliougua Dodoma na Manyara kwa muda mfupi tu. Wanaoila kidogokidogo maisha yao yote hawaonekani mpaka ini liote uvimbe. Mtu mwenye homa ya ini B anayekula sumukuvu ana hatari kubwa zaidi ya saratani hii kuliko mwenye kimoja kati ya viwili hivyo. Huyo ndiye mkulima anayekaa kwenye mabenchi yenu kila siku ya kliniki.

Mtasema wagonjwa wanachelewa kuja. Wako wanaochelewa. Baba alikuja mapema, na akaja tena.

Ninachoomba ni haya:

(a) Mgonjwa yeyote wa saratani anayeeleza ganzi mpya, kuona viwiliviwili, sauti au ulimi kubadilika, maumivu mapya ya mgongo, miguu kulegea au mkojo kufunga, aonwe na daktari siku hiyohiyo na apimwe mishipa ya fahamu kwa mkono, kwa pini na kwa nyundo. Kipimo hicho kiandikwe kwenye faili. Asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla hakijaandikwa.

(b) Ikishukiwa kwamba uti wa mgongo unabanwa, deksamethasoni ianze bila kusubiri picha, isipokuwa daktari ana sababu ya kuizuia, na rufaa itoke siku hiyo. Awepo daktari wa zamu mwenye mamlaka ya kusaini rufaa usiku, Jumapili na sikukuu. Kabla mgonjwa hajapandishwa gari, mtu apige simu kunakohusika, iwe ni hospitali za Ocean Road au Bugando kwa mionzi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa upasuaji, ili asifike na kuanza upya foleni ya mapokezi.

(c) Kitengo cha meno, kliniki ya macho na dharura wapewe maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu dalili hizi, na kadi ya mgonjwa wa saratani iwe na alama inayoonekana katika kila idara anayoingia.

(d) Morfini ya maji ipatikane wodini wakati wote, na muuguzi aliyefunzwa tiba shufaa awepo kila zamu.

(e) Siku saratani inapothibitishwa, familia ipewe karatasi ya Kiswahili inayotaja dalili za hatari na namba ya simu inayopokelewa. Nimeiandika rasimu yake mwenyewe na kuiambatisha kwenye barua iliyo masjala. Itumieni bure, msahihishe mtakapoona nimekosea kitaalamu.

(f) Kifo cha baba kijadiliwe kwenye kikao chenu cha kupitia vifo, na familia ielezwe kwa maandishi kilichoonekana. Kijana aliyemgusa kwa pini aalikwe aeleze alichofanya, na wenzake wajifunze kwake.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke. Mkijibu, nitayachapisha majibu yenu yote kama yalivyo, bila kukata neno. Nisipopata jibu, nitaipeleka barua hii pamoja na nakala za kurasa za faili kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na kutoka hapo Wizarani. Niko tayari kuja kikaoni siku yoyote mtakayonipangia, baada ya saa za shule.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa marehemu,
Mwalimu wa sekondari.

Nakala:
Mwakilishi wa wananchi kwenye Bodi ya Hospitali
Mwenyekiti wa Kijiji